Mpira mwekundu kwenye nyasi: mbwa anaona rangi gani, na anapenda ipi

Tupa mpira mwekundu kwenye nyasi mbwa akiwa anakutazama. Ataufuata kwa macho ukiwa hewani, atakimbia mpaka karibu na pale ulipotua, halafu atasimama hatua mbili tu kabla ya kuufikia. Atainamisha kichwa na kuanza kuzunguka akinusa. Wewe unauona mpira waziwazi, unang'aa kama nyanya mbivu. Yeye anatafuta. Wenye mbwa wengi wakiona hivyo husema mbwa wao ni mvivu, au hana akili, au hapendi mchezo. Mbwa hana kosa. Amepewa mpira ambao kwa macho yake una rangi ileile ya nyasi, na kilichokuwa kikimwonyesha ulipo ni mwendo wake tu. Ulipoacha kubingirika, ukampotea.

Ndiyo maana mtu akiniuliza mbwa anapenda rangi gani, mimi humrudishia swali: hicho kitu unachotaka kumnunulia kitalala juu ya nini? Kwenye nyasi, kwenye udongo mwekundu, kwenye saruji, majini? Mapendeleo ya mbwa yapo, na nitayafikia, lakini rangi asiyoweza kuitofautisha na kilicho chini yake hawezi kuipenda wala kuichukia.

Koni mbili

Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ina seli za namna mbili. Zipo fimbo, ambazo hufanya kazi kwenye mwanga hafifu na hazitambui rangi. Na zipo koni, ambazo hufanya kazi mchana na ndizo zinazoleta rangi. Binadamu ana aina tatu za koni. Kila aina hupokea vizuri zaidi mwanga wa mawimbi ya urefu fulani: takriban nanometa 420, 530 na 560 (nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Mbwa ana aina mbili tu. Moja kilele chake ni kama nanometa 429, upande wa bluu na zambarau. Ya pili ni kama nanometa 555, upande wa kijani kinachoelekea njano.

Vipimo hivyo vya mbwa vilitolewa mwaka 1989 na Jay Neitz, Timothy Geist na Gerald Jacobs wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Walitumia mbwa watatu. Mbwa aliwekewa vidirisha vitatu vyenye taa, viwili vya mwanga wa aina moja na kimoja tofauti, naye alitakiwa kugusa kile kilicho tofauti ili apate chakula. Kwa kubadilisha mwanga kidogo kidogo, walijua ni wapi mbwa anaona tofauti na ni wapi anabahatisha tu.

Kwa nini aina moja kupungua kulete pengo kubwa hivyo? Kwa sababu koni moja peke yake haijui rangi. Inajua tu mwanga ni mwingi au mdogo. Rangi huzaliwa pale ubongo unapolinganisha majibu ya koni za aina tofauti. Sisi tunatenga nyekundu na kijani kwa kulinganisha koni ya 530 na ile ya 560. Mbwa upande huo ana koni moja tu, kwa hiyo hana cha kulinganisha nacho. Nyekundu, chungwa, njano na kijani vyote vinaangukia kwenye kapu moja, la unjano wenye kukolea au kupauka, mwangavu au wa giza. Bluu na zambarau vinaangukia kwenye kapu la pili.

Katikati ya makapu hayo mawili kuna sehemu ambayo mbwa haoni rangi kabisa. Ni kwenye nanometa 480 hivi, yaani bluu inayoelekea kijani. Mwanga wa pale, koni zote mbili hujibu kwa uwiano uleule zinavyojibu mwanga mweupe, basi mbwa anaona weupe au kijivu. Kumbuka sehemu hii unapofika dukani, maana vichezeo vingi vinavyouzwa kama "bluu" ni feruzi, na feruzi iko jirani kabisa na hapo.

Kwa hiyo ule usemi kwamba mbwa anaona nyeusi na nyeupe tu si kweli. Ulikuwa na mizizi kwenye majaribio ya zamani, yakiwemo ya maabara ya Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyechunguza tabia za mbwa, mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo yalishindwa kuonyesha kwamba mbwa anatofautisha rangi. Lakini na wanaosema mbwa anaona kama sisi, nao wamekosea. Anaona kama binadamu asiyetofautisha nyekundu na kijani.

Hesabu ya picha moja

Kama una kompyuta, unaweza kujionea mwenyewe kwa makadirio. Piga picha ya uwanja wako na mpira ukiwa umelala pale, mchana, bila flashi. Ifungue kwenye programu ya GIMP, ambayo ni ya bure, utafute kifaa cha kuchanganya chaneli za rangi. Chaneli ya nyekundu iundwe nusu na nyekundu na nusu na kijani. Chaneli ya kijani ifanyie vilevile. Ya bluu iache kama ilivyo. Umeziunganisha koni mbili kuwa moja.

Ukitaka kuelewa kinachotokea, fanya hesabu kwa mkono. Kila nukta ya picha ina namba tatu, nyekundu, kijani na bluu, kuanzia 0 hadi 255. Tuchukue nyasi zenye 80, 130, 50. Jumlisha 80 na 130, gawa kwa mbili, unapata 105. Nyasi kwa mbwa zinakuwa 105, 105, 50, yaani njano chafu iliyofifia. Sasa mpira mwekundu wenye 200, 30, 40. Jumla 230, nusu yake 115. Unapata 115, 115, 40. Linganisha: nyasi 105, 105, 50 na mpira 115, 115, 40. Kilichokuwa kinakupigia kelele machoni mwako kimebaki tofauti ndogo ambayo kivuli cha jani moja kinatosha kuifuta.

Weka mpira wa bluu, 30, 80, 200. Unakuwa 55, 55, 200. Pale kwenye nyasi utaonekana kama taa.

Na udongo mwekundu wa kwetu? Mfano 150, 75, 45. Inakuwa 112, 112, 45. Ni karibu sawa na nyasi zenyewe, na karibu sawa na mpira mwekundu. Uwanja ambao wewe unauona nusu nyasi nusu udongo, mbwa anauona kama kitambaa kimoja chenye madoa hafifu.

Rangi ya pinki kali ndiyo inayonishangaza kuliko zote. Ile ya 255, 105, 180, ambayo huwezi kuikosa hata ukiwa upande wa pili wa barabara: 255 na 105 ni 360, nusu yake 180. Jibu ni 180, 180, 180. Kijivu kitupu, hakuna rangi hata chembe.

Hesabu hii ni ya kukadiria, na ina kosa moja la kujulikana: nyekundu halisi iliyokolea humfikia mbwa ikiwa na giza zaidi ya hapo, kwa sababu koni yake ya 555 hupokea kidogo sana mwanga wa nyekundu ya mbali. Kwa hiyo mpira mwekundu juu ya sakafu nyeupe anauona vizuri, kama kitu cheusi. Tatizo la nyekundu ni nyasi na udongo, ambako giza nalo lipo kila mahali.

Ununue rangi gani basi

Kwa nyasi za kijani, bluu. Kwa udongo mwekundu, bluu. Kwa mchanga wa pwani, bluu tena, kwa sababu mchanga nao uko kwenye kapu la njano. Kwa nyasi zilizokauka wakati wa kiangazi, bluu ndiyo lazima zaidi, maana hapo hata mpira wa njano unazama.

Lakini bluu gani? Chagua ile ya wino wa kalamu, iliyokolea na bado ina mwanga. Epuka mbili. Feruzi nimeshaieleza. Nyingine ni bluu ya giza, kama ya sare za shule. Juani inaonekana, ila ikiingia chini ya mti inakuwa nyeusi kati ya vivuli vyeusi. Zambarau mbwa huiona kama bluu, kwa hiyo haina ubaya mradi isiwe ya giza.

Njano ina nafasi yake. Kwenye maji, kwenye saruji, kwenye vigae vya kijivu, kwenye zulia la bluu, njano hushinda. Mpira wa tenisi ambao sisi tunabishana kama ni kijani au njano, kwa mbwa ni njano safi yenye mng'ao. Rangi hiyo iliingizwa kwenye sheria za tenisi mwaka 1972 ili watazamaji wa televisheni wauone mpira, mbwa akafaidika bila kuombewa. Kwenye nyasi fupi za kijani unaonekana kwa mng'ao wake zaidi kuliko kwa rangi yake, na ukizama kwenye nyasi ndefu zenye vivuli mng'ao huo hupotea. Tahadhari moja nje ya habari ya rangi: manyoya ya mpira wa tenisi yakishika mchanga huwa kama msasa, na mbwa anayeutafuna kila siku meno yake yatalika. Uwe wa kutupa na kurudishwa, ukimaliza mchezo uuweke mbali naye.

Chungwa inauzwa sana kama rangi ya "kuonekana". Kwa mwindaji mwenzako ni kweli. Kwa mbwa ni njano ya kahawia. Vichezeo vyekundu na vya chungwa vimejaa madukani kwa sababu anayetoa pesa ni binadamu, na jicho la binadamu linavutwa na nyekundu. Sioni sababu ya kuvitupa kama unavyo, vitumie ndani ya nyumba kwenye vigae vyeupe.

Kuna makosa mawili ya baada ya kununua. Mpira wa bluu ukichezewa kwenye matope mekundu siku tatu bila kuoshwa umeshakuwa mpira mwekundu, na mbwa ataanza kuupoteza kama ule wa zamani. Uoshe kwa maji na sabuni isiyo na manukato makali. Na plastiki ya bluu ikiachwa juani miezi mingi hupauka hadi ikakaribia kijivu. Ukiona weupe unaanza, tafuta mwingine.

Asiye na pesa ya vichezeo vya dukani asihangaike. Dumu la njano la mafuta ya kupikia lililokatwa hutoa alama nzuri sana za mafunzo kwenye uwanja wa saruji. Kata vipande vya sentimita 20 kwa 20, piga msasa kingo zote mpaka kidole kisikwaruzike, toboa tundu upitishe kamba. Kwa uwanja wa nyasi tumia kitambaa cha bluu kilichofungwa kwenye fito.

Wanaoendesha mashindano ya mbwa ya kuruka vikwazo nchini Marekani wana mazoea ya kupaka njano ile sehemu ya chini ya daraja ambayo mbwa lazima aikanyage anapopanda na kushuka. Farasi nao wana koni aina mbili. Uingereza, baada ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, alama za vikwazo vya mbio za farasi zilizokuwa za chungwa zilianza mwaka 2022 kubadilishwa kuwa nyeupe na njano yenye kung'aa. Kwa miaka mingi zilipakwa rangi anayoiona mpanda farasi, wakati anayeruka ni farasi.

Rangi au mng'ao?

Hapa watu hukwama. Mbwa wako akichagua bakuli la njano badala ya la bluu, umejuaje kwamba amefuata rangi? Huenda la njano lilikuwa na mng'ao zaidi, basi.

Watafiti wa Chuo cha Sayansi cha Urusi waliliweka swali hili vizuri kuliko wengine, mwaka 2013. Waliwatumia mbwa wanane na karatasi za rangi nne: njano mpauko, njano ya giza, bluu mpauko na bluu ya giza. Mbwa aliona masanduku yenye nyama, yote, ili harufu isimsaidie, lakini moja tu lilifunguka. Karatasi iliyokuwa mbele ndiyo ilionyesha lipi. Tuseme mbwa alifunzwa kwamba sanduku lenye njano ya giza hufunguka na lenye bluu mpauko halifunguki. Akishazoea, anapewa njano mpauko na bluu ya giza. Kama alikuwa anafuata giza, atakwenda kwenye bluu ya giza. Kama alikuwa anafuata unjano, atakwenda kwenye njano mpauko. Mara nyingi sana walifuata rangi. Kwa mchana wa kawaida, basi, rangi ni habari ambayo mbwa anaitumia kweli, tena mbele ya mng'ao.

Hilo lilikuwa la kutambua. La kupenda ni jingine, na lina utafiti mmoja ambao naupenda kwa sababu haukufanywa na mbwa wa ndani. Watafiti wa taasisi ya sayansi ya IISER Kolkata, India, waliwajaribu mbwa zaidi ya mia moja wa mitaani kwa mabakuli ya njano, bluu na kijivu. Mbwa walielekea la njano kuliko mengine. Watafiti wakaenda mbele zaidi: wakaweka chakula kwenye bakuli la kijivu na kuliacha la njano tupu. Bado wengi walianzia la njano. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2025.

Nayaamini, ila nayasoma kwa mipaka yake. Ni mbwa wa eneo moja wanaoishi kwa kuokota chakula mitaani, na mbwa wa namna hiyo amejifunza tangu utotoni ni vitu vya namna gani huwa na mabaki ya chakula. Wa kwako anayelishwa kwenye sufuria ya alumini kila jioni ana historia nyingine. Ukitaka kujua lake, mpime.

Namna ya kumpima mbwa wako

Tafuta mabakuli mawili yanayofanana kabisa, sufuria ndogo zinatosha. Nunua karatasi za manila za rangi nne kama za wale Warusi, bluu mbili na njano mbili, kila rangi na mpauko wake na ya kukolea. Funika kila karatasi kwa nailoni angavu ili uweze kuifuta, kwa sababu karatasi inayoshika mate au mafuta ya ini inageuka kuwa mtihani wa pua. Viringisha karatasi kuzunguka bakuli. Kata ini lililochemshwa vipande vya sentimita moja. Fanya kazi kwenye sakafu ya saruji, ambayo ni kijivu na haipendelei upande, kwenye kivuli cha mchana, si juani ambapo nailoni itamemeta.

Bakuli moja liwe mita 1.5 kutoka jingine, mbwa mita 3 kutoka yalipo, katikati. Yote mawili yawe na kipande cha ini. Anayeyapanga aondoke kabisa mbele ya mbwa. Anayemshika mbwa asimame nyuma yake, aangalie chini, na akimwachia asiseme neno wala kunyoosha mkono. Mbwa husoma mwelekeo wa macho na mabega yetu kuliko tunavyodhani, na hili peke yake huharibu majaribio mengi ya nyumbani kuliko kosa lolote jingine. Bakuli analoligusa kwanza ndilo chaguo. La pili linaondolewa na yule aliyeyapanga kabla mbwa hajalifikia, kwa hiyo uwepo wa mtu wa pili ni lazima.

Kabla ya rangi, anza na mabakuli yote mawili bila karatasi, mara 10. Unatafuta ugonjwa wa upande. Mbwa wengi wana upande wao, kama watu walivyo na mkono wao, na mbwa akienda kulia mara 9 kati ya 10 ujue hatazami bakuli. Huyo ukimpima rangi, kwa kuwa unabadilishabadilisha pande, atakupa 10 kwa 10 na wewe utadhani hana anachopendelea. Dawa yake ni kumrudisha nyuma hadi mita 5 ili awe na muda wa kutazama, na kusogeza mabakuli yakaribiane.

Kisha fanya mara 20 kwa siku mbili, 10 kila siku, kabla ya mlo na si baada yake. Aliyeshiba huchagua la karibu. Rusha sarafu kuamua njano ikae kulia au kushoto, ila usiiache upande mmoja zaidi ya mara tatu mfululizo, na mwishoni kila upande uwe umepata 10. Andika kila chaguo palepale.

Ukipata 12 au 13 kati ya 20 usimtangazie mtu. Hata sarafu hufanya hivyo. Kubahatisha kufikisha 15 au zaidi kwa rangi moja hutokea kama mara 2 tu katika 100, kwa hiyo 15 ndiyo alama ya kuanza kuamini. Ukiipata, badilisha ukolevu: kama ulitumia njano mpauko na bluu iliyokolea, sasa tumia njano iliyokolea na bluu mpauko, mara 20 nyingine. Akibaki na rangi ileile, una jibu. Akihama na kufuata karatasi yenye mng'ao, ulichopima ni mng'ao.

Na usimpime kwa rangi ya bakuli analokulia kila siku. Utapima kumbukumbu ya chakula.

Mambo mengine ya jicho lake yanayoingilia rangi

Ukali wa macho ya mbwa ni mdogo kuliko wetu. Kwa makadirio ya kawaida, kitu ambacho mtu mwenye macho mazima anakitambua akiwa mita 23, mbwa atalazimika kusogea hadi mita 6. Karibu sana nako hana nguvu: kitu kilicho chini ya sentimita 33 hadi 50 kutoka machoni kinamfifilia. Ndiyo sababu kipande cha ini kikianguka kati ya miguu yake atakitafuta kwa pua, hata kiwe cha bluu.

Kitu kinachotembea anakiona vizuri kuliko kilichosimama. Katika jaribio la mwaka 1936 la mbwa 14 wa polisi, waliweza kuona kitu kinachotembea kutoka mita 810 hadi 900, lakini kitu hichohicho kikisimama walikiona kutoka mita 585 au chini ya hapo. Mbwa asiyeona mpira uliolala, usimwonyeshe kwa kidole tu. Usukume kwa mguu ubingirike kidogo.

Gizani rangi inakwisha. Koni zinanyamaza, fimbo zinachukua kazi, zikisaidiwa na lile tabaka la nyuma ya retina linaloakisi mwanga, ambalo hufanya macho ya mbwa yang'ae ukimmulika tochi. Mbwa wengi wa ulinzi kwetu hufungiwa mchana na kufunguliwa usiku, yaani maisha yao ya kazi yote yako nje ya muda wa rangi. Kwa mbwa huyo, na kwa mchezo wowote baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni, sahau bluu na njano. Chukua nyeupe.

Kwa mbwa mzee anayesitasita kwenye ngazi, paka mstari wa sentimita 5 kwenye ukingo wa kila kidato. Kwenye saruji iliyozeeka njano yenye kung'aa inafaa, kwenye vigae vyeupe tumia bluu iliyokolea. Akiendelea kukosa kidato mchana kweupe, au ukiona wingu kwenye mboni, mpeleke kwa daktari wa mifugo, hilo si suala la rangi tena.

Nyekundu kwa makusudi

Wanaofundisha mbwa wa kuwinda ndege wameigeuza chungwa, jirani wa nyekundu, kuwa chombo cha kazi. Gunia dogo la mazoezi la rangi nyeupe hutupwa pale wanapotaka mbwa aone lilipotua na kulikumbuka. La chungwa hufichwa pale wanapotaka atumie pua au afuate maelekezo, kwa sababu mkufunzi analiona kutoka mbali na mbwa halioni.

Unaweza kufanya vilevile nyumbani. Kata vitambaa vitano vyekundu vya ukubwa wa kiganja, vikae usiku mzima kwenye mfuko mmoja na nguo uliyoivaa. Mbwa akiwa ndani, vitawanye kwenye nyasi eneo la mita 10 kwa 10, na kumbuka upepo unatoka wapi. Mwachie kutoka upande ambao upepo unakwenda, ili harufu imjie usoni. Anayetumia macho hunyooka moja kwa moja kwenye kitu, kichwa juu. Anayetumia pua huja kwa kona, anakatiza upepo kushoto na kulia, miduara ikizidi kuwa midogo kadiri anavyokaribia, na mara nyingi hupitiliza nusu hatua kabla ya kugeuka. Ukiona vitambaa vyekundu anavifuata kwa mstari ulionyooka, angalia nyasi zako: huenda zimekatwa fupi mno, na anachokiona ni kivuli cha kitambaa.